Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa riwaya katika sekondari ya Marekani

Watu wa nyumbani wakisikia kwamba kazi yangu ni kufundisha riwaya katika sekondari ya Marekani, husema lile lile: "Kumbe unalipwa kusoma hadithi!" Haya, twendeni pamoja siku nzima. Na iwe siku ya sura ya saba ya The Great Gatsby, sura ndefu kuliko zote katika kitabu hicho, na inayomchosha mwalimu kuliko zote.

Saa 1:20 asubuhi. Foleni ya fotokopi. Kipindi cha kwanza ni saa 2:00 na idara nzima imekumbuka karatasi zake dakika hiyo hiyo. Za kwangu ni nusu ukurasa, maswali matano, nakala 90, maana yake kurasa 45 kisha kwenda kuzikata. Aliyekwamisha karatasi kwenye trei ya pili ameshaondoka kimya kimya, kama desturi.

Saa 2:00. Vipindi viwili vya kwanza ni vya darasa lililo kwenye Adventures of Huckleberry Finn. Kitabu hiki kilitoka Marekani mwaka 1885, na mwaka huo huo maktaba ya Concord, Massachusetts, ikakiondoa kwa madai kwamba hakina adabu. Siku hizi ugomvi ni juu ya tusi la kuwadhalilisha watu weusi, linalojitokeza zaidi ya mara 200. Shuleni kwetu halisomwi kwa sauti, si na mwalimu wala mwanafunzi. Halifutwi kwenye ukurasa, ila msomaji akilifikia hulipita na kuendelea. Sharti hilo huwekwa kabla ya ukurasa wa kwanza, pamoja na barua kwa wazazi inayotaja kitabu mbadala. Mwalimu anayesubiri mpaka neno litokee ameshachelewa, kwa sababu darasa zima litakuwa linamtazama mwanafunzi mweusi aliyeketi pale mbele.

Shida ya pili ni lahaja. Darasani wamo vijana waliokulia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma, wenye Kiingereza cha shuleni. Maneno ya Jim, mtumwa anayetoroka pamoja na Huck, yameandikwa yanavyotamkwa, kwa hiyo ukiyatafuta kwenye kamusi huyapati. Kinachosaidia ni kusikiliza rekodi huku macho yakifuata mstari, kwa vipande vya dakika nane hivi, maana mara nyingi sikio hulitambua neno kabla ya jicho. Zaidi ya dakika nane, vichwa huanza kulala juu ya meza.

Saa 3:50 ni kipindi changu cha kujiandaa, na chote huliwa na barua pepe.

Jambo moja kwanza, kwa waliozoea mitihani ya kwetu. Kenya vitabu teule huamuliwa kwa nchi nzima, na mwanafunzi wa Kisumu husoma kile kile anachosoma wa Malindi. Marekani haina orodha ya taifa. Viwango vya Common Core vya mwaka 2010, vilivyokubaliwa na majimbo mengi, vinataka mwanafunzi wa darasa la 11 na 12 azijue kazi za msingi za fasihi ya Marekani za karne ya 18, ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Kitabu chenyewe huchaguliwa na wilaya ya elimu au idara ya shule, na mara nyingi kinachoamua ni kile kilichojaa stoo.

Saa 4:45, Gatsby ya kwanza. Tunaanza na karatasi za maswali, dakika sita, vitabu vimefungwa. Kuna swali moja ninalolipenda: Michaelis, mwenye mkahawa ulio jirani na gereji ya Wilson, alimwambia polisi wa kwanza kwamba gari lililomgonga na kumuua mke wa Wilson lilikuwa la rangi gani? Waliosoma muhtasari mtandaoni huandika njano, kwa kuwa gari lenyewe, la Gatsby, yule tajiri wa kwenye jina la kitabu, kweli ni la njano. Kitabuni Michaelis alisema kijani kibichi chepesi. Hakuwa na hakika. Swali halijawekwa ili kumtega mtu, maana kuanzia hapo kitabu kizima kinaishi juu ya ushahidi wa watu walioona vibaya.

Kisha nasema, "Fungueni mahali wanapotoka hotelini," na mambo yanaharibika. Nakala za shule ni za matoleo mawili, na namba za kurasa hazilingani. Riwaya hii ilitoka 1925, ulinzi wa hakimiliki ukaisha Marekani tarehe 1 Januari 2021, kwa hiyo theluthi ya darasa wanasoma nakala ya bure kwenye kompyuta, isiyo na namba ya ukurasa hata moja. Kuna pia ile nakala ambayo gundi ya mgongo imekauka na sura ya saba imechomoka yote. Ukisema "ukurasa wa 142" umepoteza dakika kumi. Dawa yake ni kuandika ubaoni maneno manne ya mwanzo wa sentensi. Wa kompyuta huyatafuta kwa kubonyeza, wa kitabu huambiwa "robo ya mwisho ya sura". Bado wawili watatua sura ya sita.

Saa 5:35, chakula, dakika thelathini, kumi kati ya hizo zikienda kwa aliyekosa jaribio.

Halafu Gatsby ya pili, na baada yake ya tatu, na hiyo ya tatu ndiyo nilitaka muione. Joto la chumba, matumbo yamejaa, na somo lenyewe ni la magari mawili na safari mbili. Bila kuyaelewa magari, mwanafunzi hawezi kueleza kwa nini mtu yeyote amekufa.

Nachora mstari, huku Long Island, kule mjini New York, gereji ya Wilson katikati. Kwenda: Tom, mume wa Daisy, anaendesha gari la njano la Gatsby, amewachukua Nick, msimulizi wa kitabu, na Jordan, rafiki wa Daisy. Gatsby na Daisy, mwanamke anayempenda, wamo kwenye gari la buluu la Tom. Tom anasimama kwa Wilson kutia petroli, na Myrtle, mke wa Wilson na hawara wa Tom, anachungulia dirishani. Anaona mambo mawili: Tom yuko kwenye gari la njano, na mwanamke aliye naye, ambaye ni Jordan, anamdhania kuwa mke wa Tom. Kurudi: baada ya ugomvi wa Tom na Gatsby katika Hoteli ya Plaza, watu wamebadilishana. Gatsby na Daisy wako kwenye gari la njano, Daisy ndiye aliyeshika usukani. Myrtle anakimbilia barabarani kwa sababu anaamini Tom ndiye anayekuja, na gari linamgonga.

Mkono unanyooshwa. "Kwa hiyo Gatsby alimuua." Hapana. "Lakini alisema ni yeye." Alimwambia nani? Kimya. Tafuta. Dakika tatu zinapita. Alimwambia Nick kwamba Daisy ndiye aliyekuwa akiendesha, na kwamba yeye Gatsby atasema ni yeye. "Sasa mbona Tom hamwambii Wilson ukweli?" Je, Tom anaujua ukweli? Onyesha mstari. Hapo nusu ya darasa huzama kitabuni na nusu hutazama saa ya ukutani. Mmoja anaomba ruhusa ya kwenda msalani, na akirudi anauliza Myrtle ni nani.

Hii ndiyo kazi yenyewe. Hatuwaambii watoto kitabu kina maana gani. Tunakataa jibu, mara ya tatu, ya nne, mpaka lije na sentensi kutoka ukurasani. Mfano ni ile taa ya kijani iliyo kwenye gati la Daisy. Kila kijana wa miaka 16 nchini huku anajua kusema kwamba taa ni ndoto ya Kimarekani, hata kama hajafungua jalada. Basi nawauliza inaonekana wapi. Mwisho wa sura ya kwanza, Gatsby anaitazama ng'ambo ya maji. Sura ya tano Daisy yuko kando yake, na Nick anaona kwamba vitu vyenye uchawi katika maisha ya Gatsby vimepungua kimoja. Mwisho wa sura ya tisa Gatsby ameshakufa. Chagua sehemu moja, eleza taa imebadilikaje. Mwenye muhtasari wa aya moja hukwama hapo.

Kipindi cha mwisho ni zamu ya ukumbi wa kujisomea. Nasimama tu.

Jioni ni insha. Siku hizi zinaandikwa darasani kwa kalamu, dakika 45, kwa sababu ya programu za akili bandia zinazoandika insha. Zilipokuwa zikiandikwa nyumbani, dalili ya kwanza ilikuwa nukuu nzuri mno ambayo haimo kitabuni, na kuihakiki ni kazi ya sekunde kumi kwa kuwa nakala ya bure ipo. Madarasa matatu ya wanafunzi 28 ni insha 84, na kila moja ikipewa dakika kumi ni saa 14 za kazi. Naweka alama kwa mtindo wa mtihani wa AP (Advanced Placement, masomo ya kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari): 1 ya hoja kuu, 4 za ushahidi na ufafanuzi, 1 ya ukomavu wa fikra. Nyingi hukwama kwenye 3. Nukuu ipo, lakini sentensi inayofuata inasimulia tena kilichotokea badala ya kueleza kinathibitisha nini. Pembeni naandika "Kwa hiyo?" na kuendelea. Nasoma tano za kwanza bila kuweka alama, ili nijue kiwango cha siku hiyo, kisha narudi mwanzo. Baada ya insha ya ishirini na kitu mkono unakuwa mkali bila sababu, kwa hiyo naacha.

Limebaki swali la kesho, la sura ya nane: nani alimtajia Wilson mwenye gari? Jibu sahihi ni kwamba sura haisemi, Nick anaona tu kwamba kufikia saa nane u nusu mchana Wilson alikuwa amelijua jina. Atakayeandika "Tom" amesoma muhtasari, kwani hilo linafichuliwa sura ya tisa. Au amesoma mbele kwa hiari yake, na huyo nitamwomba radhi mbele ya darasa zima.