Kibao cha shaba cha ndani ya chombo

Ami yangu anaundisha mashua Nungwi, kaskazini ya Unguja, na mimi ninayekaa mjini nimepewa kazi ya kumtafutia kibao cha jina. Si jina la nje. La nje litapigwa rangi ubavuni na kijana wa hapo hapo pwani mwenye mkono mzuri, na kila likififia litapigwa tena. Ami anataka na jingine, la madini, lililochongwa, likae ndani juu ya feuli, kile chumba cha kuwekea vitu chomboni, ili nahodha akiinama kutoa kitu limtazame usoni. Kibao chenyewe ni shibiri moja kwa vidole vinne. Kwa udogo huo sikutegemea kingenishika mawazo kiasi hiki.

Nilianzia pale wanapotengeneza mihuri na vikombe vya mashindano. Walichonipa kwanza ni plastiki yenye ngozi ya rangi ya dhahabu. Ukiikwaruza kwa ukucha unaona weusi chini yake. Hiyo ni ya mlango wa ofisi yenye kiyoyozi. Wakanionyesha na stenlesi, na hapo nilisita kidogo, maana stenlesi ya daraja la 316, ile yenye molibdeni, inastahimili chumvi kuliko ya kawaida ya 304, haitaki kusuguliwa, na hata baada ya miaka utaikuta ilivyokuwa. Mtu akichagua hiyo simlaumu.

Ila mimi nilitaka shaba ya manjano. Najua udhaifu wake. Ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na ikikaa majini muda mrefu bahari huichomoa ile zinki, kinachobaki kikawa na wekundu na kumeguka. Lakini kibao hiki hakizami. Kitakutana na hewa ya chumvi tu na unyevu wa feuli, kitafanya weusi, pembeni kitaota ukijani, kisha mtu atachukua ukwaju, au ndimu na jivu, akisugue king'ae, kama bibi zetu walivyosugua masinia na mabirika ya shaba siku mbili kabla ya Idi. Nataka kitu kitakachomlazimisha mtu akishike. Chombo cha mbao hakiishi bila kushikwashikwa: kinakalafatiwa nyufa zizibe, kinapakwa shahamu, kinapandishwa pwani na kushushwa. Kibao chake nacho kiwe hivyo hivyo.

Ukishakubali kusugua, lazima uangalie kina cha herufi. Hili nimelijua kwa sonara, si kwa wenye mashine. Leza ya lile duka la mihuri ilikuwa inaunguza juu juu; maandishi yanapendeza siku ya kwanza, ila kila ukisugua unaondoa chembe ya madini, na herufi nyepesi hukuishia mkononi. Za kukatwa kwa kalamu ya chuma zina bonde. Ukipitisha kidole unalisikia.

Halafu kuna herufi zenyewe. Chombo kinaitwa Salama, na ami anataka jina liandikwe kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu, kwani yeye, kama wengi wa rika lake, alianza kusoma Kurani chuoni kabla ya skuli. Kijana wa leza aliandika jina kwenye kompyuta, na programu yake ikalivunja: kila herufi imesimama peke yake, na mpangilio umegeuka unaanzia kushoto. Herufi sini haikumshika lamu. Lamu na alifu, ambazo popote zikikutana hukumbatiana, zilikuwa zimeachana kama wageni. Kijana hakuwa na kosa, hajui kusoma Kiarabu, na mashine haikumwambia kitu. Lakini nilihuzunika, kwa sababu kibao kama hicho kingepigiliwa na kukaa miaka bila ya mtu kusema.

Sonara niliyempata ana kijiduka chembamba ndani ya Mji Mkongwe. Kazi yake ni pete na bangili, na vibao hafanyi kila siku. Alichukua karatasi, akaandika "Salama" kwa kalamu ya wino mara kadhaa, akachagua moja, akaniuliza kama mkia wa mimu nautaka mrefu au mfupi. Nilimwambia ninavyoona yeye ndiye ajuaye. Akakishika kibao juu ya lami ngumu kisitikisike, akaanza na lamu-alifu. Nilikaa pale mpaka adhana ya alasiri, na sikuchoka.

Yote hayo ni kazi ya mikono, na ukiwa na subira utaipata. Kilichonishughulisha hasa ni maneno. Ami alinipa jina la chombo na mwaka, basi. Mimi nikamwomba aongeze jina la fundi anayekiunda.

Wengi tuliosoma skuli tunaijua meli ya Sultan Barghash wa Zanzibar, Glasgow. Iliundwa Dumbarton, Uskoti, kwenye karakana ya William Denny and Brothers, mwaka 1878. Mizinga ya Waingereza ikaizamisha hapa mbele ya mji tarehe 27 Agosti 1896, ikakaa bandarini milingoti ikichomoza majini, mpaka ikaja kuvunjwa mwaka 1912. Meli haipo, na jina la walioiunda tunalo. Sasa niambie, katika majahazi yote yaliyotia nanga Malindi, hapa Unguja, la mangapi unajua fundi? Wenye mali tunawajua baadhi. Ahmad bin Naaman aliyekwenda New York na chombo Sultana mwaka 1840, mjumbe wa Sultan Sayyid Said, anatajwa hadi leo. Fundi anakata mkuku, ule uti wa chini wa chombo, anapinda bao kwa jicho bila ya mchoro, chombo kinakwenda miaka arobaini, na jina lake linakufa na watu waliomjua. Waingereza kwa sheria yao ya meli ya 1894 walitaka nambari ya chombo na tani zake zikatwe kwenye boriti kuu, ndani. Kama nambari inastahili mahali hapo, mtu anastahili zaidi.

Nikapanda daladala ya 116 kwenda Nungwi kumuuliza fundi mwenyewe. Nilimkuta chini ya ubavu anakalafati, anaisukuma pamba yenye mafuta ya nazi katikati ya mbao. Nikamwamkia, nikamweleza.

"Chombo cha ami yako, mwanangu. Jina langu la nini humo?"

Akaendelea kugonga. Ami alikuwa amekaa kwenye gogo, kimya. Nikasema, "Fundi, chombo hiki kikija kutaka mataruma mapya, yaani mbavu za ndani, na sisi hatupo, mwenye nacho atajuaje nani alikiunda, akawatafute wanawe au wanafunzi wake?"

Akaweka nyundo chini, akajifuta mikono.

"Ukiandika langu, andika na la baba. Kipimo cha mkuku huu ni chake. Mimi nimeachiwa tu."

Ami akasema, "Iandikwe." Kwa hiyo kibao kina jina la chombo kwa herufi za aina mbili, chini yake Nungwi na mwaka, kisha fundi, bin, na baba yake. Majina yao sitayaweka hapa. Yatasomwa na atakayeingia feuli.

Kilichobaki ni skrubu. Zinatakiwa nne, za shaba hiyo hiyo, kwa sababu ukifunga shaba kwa skrubu za chuma katika unyevu wa chumvi, chuma ndicho kinacholiwa, na kibao kitaanguka na mbao zitabaki na madoa ya kutu. Darajani nimeonyeshwa za manjano za kupendeza, ila nilikuwa na sumaku mfukoni na zote zilirukia sumaku: chuma kilichopakwa. Haraka haipo, fundi anataka chombo kikae majini kwanza, mbao zinywe na kutulia, ndipo atoboe kwa keekee. Anayejua duka la Unguja au Pemba lenye skrubu za shaba tupu, fupi, kichwa cha kuzama, aniandikie.