Jinsi saa ya mkono inavyobadilisha tarehe usiku

Wavaaji wengi wa saa za mitambo huamini kwamba tarehe hubadilika papo hapo ifikapo saa sita kamili ya usiku, ilhali katika saa nyingi kazi hiyo huanza mapema zaidi, na kutolijua hilo kumeharibu saa nyingi nzuri. Nitaeleza kwa mfano wa Seiko 5 yenye mashine ya 7S26, kwa kuwa imeenea sana.

Chini ya uso wa saa kuna pete nyembamba yenye namba 1 hadi 31, na ukingo wake wa ndani umechongwa meno 31. Gurudumu la mshale mfupi humaliza mzunguko kwa saa 12, hivyo lingeisukuma pete lenyewe, tarehe ingebadilika mara mbili kwa siku. Kwa sababu hiyo huwekwa gurudumu jingine linalozunguka mara moja kwa saa 24, nalo hubeba kidole kidogo. Mchana kutwa kidole hicho hakigusi kitu. Usiku hukuta jino la pete na kuanza kulisukuma, polepole kiasi kwamba jicho halitambui.

Sehemu ninayoistahi zaidi ni kishikizo. Huu ni wenzo mdogo wenye springi, ambao ncha yake hukaa kati ya meno mawili ili pete isitikisike mkono unapotembea. Kidole kinaposukuma, ncha hupanda ubavu wa jino; ikishavuka kilele, springi huikandamiza upande wa pili, na pete humalizia hatua iliyobaki kwa mruko, namba ikae katikati ya kidirisha. Siku ya wiki hufuata baadaye, pengine hadi karibu na saa kumi alfajiri. Saa zinazoruka papo hapo, kama Rolex Datejust za sasa, hulimbikiza nguvu ya springi kwa saa kadhaa, kisha huiachia yote kwa pamoja.

Pete haijui urefu wa mwezi, kwa hiyo mara tano kwa mwaka mvaaji huisogeza mwenyewe. (Patek Philippe ilipunguza kazi hiyo hadi mara moja, mwishoni mwa Februari, kwa saa iliyoitoa mwaka 1996.) Hapo ndipo madhara hutokea: ukizungusha kitufe cha pembeni kurekebisha tarehe kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, kidole kikiwa tayari kimeshika jino, kimojawapo kinaweza kukatika.

Saa ikiwa imesimama, huwezi kujua kwa kutazama mishale tu kama ni usiku au mchana. Kwanza zungusha mishale mbele mpaka tarehe ibadilike, endelea hadi mshale mfupi uelekee namba 6, ndipo uweke tarehe ya jana. Kisha zungusha tena mbele mpaka tarehe ya leo itokee, na uendelee hadi saa iliyopo, ukipita namba 12 mara nyingine ikiwa ni alasiri.