Siku Seli Zangu Hazikuonekana

Mwaka 2009 nilikuwa nafanya kazi kwenye maabara moja ya utafiti jijini Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kupaka rangi seli za kinga na kuzipitisha kwenye saitometa, mashine inayozisukuma moja moja mbele ya mwanga wa leza na kusoma rangi ya kila moja. Utafiti wetu ulihusu watu wazima wanaoishi na VVU walioanza dawa: tulitaka kujua seli zao zinaporudi, ni za aina gani zinazorudi. Lakini kabla ya kugusa damu ya mgonjwa hata mmoja, ilibidi tujaribu kingamwili zetu, yaani protini za kununua tulizozitumia kupakia rangi, kwa damu ya watu wenye afya. Tukajitolea sisi wafanyakazi. Tulisaini fomu, muuguzi akatutoa damu, ikaingia kwenye vichupa vya kifuniko cha zambarau vyenye namba bila majina. Namba yangu niliijua, kwa sababu niliiona akiiandika.

Kwa ambaye hajawahi kuifanya, kazi hii inahitaji maelezo kidogo. Ukiweka limfosaiti, chembe nyeupe za damu zinazolinda mwili, chini ya darubini, zote ni vijiduara vyenye kiini kikubwa. Huwezi kujua ipi inasaidia wenzake na ipi inaua seli zilizoambukizwa. Zinatofautiana kwa protini zilizochomoza juu ya utando wake. Seli T, ambazo ni kundi moja la limfosaiti, zote zina protini iitwayo CD3. Wasaidizi wana CD4, wauaji wana CD8. Kingamwili hushika protini moja na kuziacha nyingine zote, na ukiwa umeifunga rangi inayong'aa, seli iliyoshikwa itang'aa mbele ya leza.

Zamani kingamwili zilichotwa kwenye damu ya mnyama aliyechanjwa, zikiwa mchanganyiko usiorudiwa sawasawa. Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein wa Cambridge waliunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyochoka kuzaliana, wakapata kizazi kinachotoa kingamwili ya aina moja tu, miaka na miaka. Kizazi kama hicho huitwa kloni. Kloni moja mashuhuri ya kingamwili ya CD4, OKT4, ilitangazwa Marekani mwaka 1979. Mwaka 1981 madaktari wa Los Angeles walitumia kingamwili za aina hii kwa vijana waliokuwa na nimonia isiyo ya kawaida, wakakuta seli wasaidizi zimekaribia kwisha. Kirusi chenyewe kilikuwa bado hakijajulikana. Siku zote huwa nalikumbuka hilo. Maradhi yaliyozika watu wengi sana wa kwetu yalianza kusomeka kwa matone ya kimiminika ambacho mimi nakitia kwenye mirija kila asubuhi.

Hata rangi yake ina hadithi yake. Kingamwili yetu ya CD4 ilifungwa fikoerithrini, rangi ya mwani mwekundu. Mimi nimezaliwa pwani ya mashariki ya Unguja, ambako kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989, na mama yangu ni miongoni mwa wanawake walioingia baharini na kamba na vigingi mapema. Spinosum na cottonii anayoipanda mama ni ya jamii hiyo hiyo ya mwani mwekundu. Niliposoma jambo hilo kwa mara ya kwanza nilifurahi kama niliyekutana na ndugu ugenini.

Sasa, wiki ile wakala alikuwa ameishiwa na kingamwili ya CD4 tuliyoizoea, akatuletea nyingine. Lebo ilisema CD4, rangi ileile, ujazo uleule. Tulianza kazi.

Nilipaka mirija ya watu wote waliojitolea, nikaisubirisha gizani, nikavunja chembe nyekundu, nikaosha kwa sentrifuji, nikakaa mbele ya mashine. Kwa mtu mzima mwenye afya, ukishachagua seli T peke yake, unategemea kuona mawingu mawili ya nukta, kila nukta seli moja: CD8 juu kushoto, CD4 chini kulia. Kona ya chini kushoto, ya wasio na hiki wala kile, huwa na nukta chache tu. Mirija ya kwanza ilikuja hivyo hivyo. Kisha ikaja namba yangu.

Upande wa kulia ulikuwa mtupu.

Nilisafisha mkondo wa mashine, nikapitisha tena. Mtupu. Nilipaka upya kutoka kichupa kilekile cha damu. Mtupu. Nilikuwa nimeshaona majibu ya kliniki ya wagonjwa waliobakiwa na seli za CD4 40, na 12, kwa kila mikrolita ya damu, nikajua sura za baadhi yao. Mara yangu ya mwisho kupima ilikuwa wakati wa kampeni ya kitaifa ya 2007, ile ambayo Rais Kikwete alipima hadharani, na nilikuwa sina maambukizi. Tangu hapo ilikuwa imepita miaka miwili. Nilianza kuhesabu kichwani kila sindano iliyowahi kunigusa kazini. Nilimfikiria mama. Nilijiuliza nani atamwambia, na kwa maneno gani.

Tulikuwa na mtaalamu wa maabara wa siku nyingi, karibu kustaafu, wote tukimwita Mzee. Aliingia kuchukua daftari, akaniona.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Una nini, binti?"

Sikumwambia ni damu ya nani. Nilimwonyesha kioo cha kompyuta tu. Akavuta kiti, akatazama kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akaweka kidole kwenye kona ya chini kushoto.

"Hawa hapa ni nani?"

Nilikuwa nimetazama upande mtupu kiasi kwamba sikuutilia maanani ule uliojaa. Theluthi mbili hivi za seli T zilikuwa zimesongamana pale: zina CD3, hazina CD8, na eti hazina CD4.

"Virusi vikila CD4," akasema Mzee, "seli T zinazobaki nyingi zinakuwa CD8. Kona hii haijai namna hii. Hawa wapo, binti, tena wazima na wengi. Ila kingamwili yako haiwaoni. Nipe hicho kichupa."

Akakigeuza kwenye mwanga, akasoma jina la kloni. OKT4.

Alikuwa amesomea Uingereza miaka ya 1980, akawahi kusikia darasani kuhusu watu ambao OKT4 hupita kwenye seli zao bila kushika. Akaenda mwenyewe chumba cha CD4 cha kliniki ya jirani, akarudi na matone ya kingamwili wanayotumia wao, kloni SK3. Nikapaka damu yangu tena. Dakika za kungoja gizani zilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kungoja kazini. Nilipobonyeza kitufe, upande wa kulia ukajaa nukta, wingu zito, mahali pake hasa. Hesabu ilikuja zaidi ya 800. Nikamwambia Mzee namba ile ni yangu. Akaniwekea mkono begani, akasema, "Nilijua tangu uliponipa shikamoo yako kwa sauti ile." Kesho yake nilipima VVU pia, kwa sababu hesabu nzuri ya CD4 haithibitishi kwamba mtu hana virusi. Sikuwa navyo.

Jioni ile na siku zilizofuata tulisoma kila makala tuliyoweza kuipata. Kingamwili ya kloni moja haishiki protini nzima ya CD4. Inashika kipande kidogo juu yake, kama mtu anayemtambua jirani yake kwa kovu la shavuni tu, kovu lisipokuwepo anampita njiani. Kwa baadhi yetu wenye asili ya Afrika, asidiamino (kijenzi cha protini) ya 240 kwenye mnyororo wa protini hiyo, ambayo kwa wengi ni ajinini, imekuwa triptofani. Mabadiliko hayo madogo yanatosha kukifuta kile kipande ambacho OKT4 inakitafuta. SK3 inashika sehemu nyingine kabisa, ya juu zaidi, karibu na pale VVU vinapojishikiza. Protini ipo na mwenye nayo ni mzima wa afya. Jambo hilo liliripotiwa tangu mwaka 1981, na kufikia 1991 chanzo chake kwenye jeni kilikuwa kimeelezwa.

Hapo ndipo hasira ilinipata, na sijaona sababu ya kuiacha. Karatasi iliyokuja na kichupa haikuwa na hata sentensi moja kuhusu hilo, miaka 28 baada ya kuripotiwa. Mashine za kliniki zilitumia kloni salama, kwa hiyo hakuna mgonjwa aliyepewa au kunyimwa dawa kwa sababu hii. Wakati huo dawa zilianza CD4 ikishuka chini ya 200, na hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Lakini utafiti wetu je? Mshiriki mwenye damu kama yangu angeandikwa hana seli wasaidizi, au angeondolewa kwenye hesabu kama kosa la maabara. Tuliotegemewa kufaidika na utafiti ndio ambao kingamwili ile haikuwaona.

Mwezi uliofuata mama alivuka kuja Dar kuangaliwa macho. Mkuu wa maabara alikubali, mama akaelezwa, akaweka dole gumba kwenye fomu. "Chukua, mwanangu, kwani itaisha?" Nilipaka damu yake kwa kloni zote mbili. Kwa SK3, CD4 zake zilikuwa kama za mtu yeyote. Kwa OKT4 zilionekana, ila zimefifia, mng'ao kama nusu ya wenzake: nakala moja ya jeni inayoonekana na moja isiyoonekana.

Nilimkalisha mbele ya kioo nikamwonyesha. Nilimwambia rangi ile ni ya mwani, akataka kujua kama walionunua walilipa bei nzuri kuliko wanayolipwa wao. Kisha nikamweleza kwamba nakala yangu moja imetoka kwake, na ya pili lazima ilitoka kwa marehemu baba, maana mtu huzirithi mbili, moja kwa kila mzazi.

Akazitazama zile nukta. "Baba yako hakuwahi kupimwa kitu maisha yake yote," akasema. "Na wewe umempima hivyo hivyo, hayupo."

Tulirudisha kichupa kwa wakala na barua. Kwenye daftari la taratibu, karibu na kila kingamwili, tuliongeza safu ya jina la kloni, na Mzee akaniachia mimi kuijaza.