Nukta ya 304.2
Februari ile theluji ilikuwa imezingira St. Louis, nami nilikuwa nimejifungia na Excel. Kazi ilikuwa kuingiza takwimu za warushaji wote wa Cardinals, timu ya besiboli ya mji huo, wa 1968, mechi baada ya mechi: iningi (zamu za kurusha, kila moja huisha wapigaji watatu wakitolewa, yaani auti tatu), mapigo, mikimbio, mikimbio inayohesabiwa juu ya mrushaji, besi za bure, waliotolewa kwa straiki.

Usiku wa manane nikajumlisha. ERA, yaani wastani wa mikimbio inayohesabiwa juu ya mrushaji kwa kila iningi tisa, ya timu ile inajulikana, 2.49. Yangu ilikuwa juu zaidi, na haikushuka hata nilipopitia tarakimu upya.

Nikaanza kumkagua Bob Gibson, mmoja wa warushaji hao, maana namba zake nazijua kwa moyo: mechi 34 alizoanza, 28 akazimaliza mwenyewe, 13 kati ya hizo bila kufungwa mkimbio hata mmoja. Alifungwa mikimbio 49, lakini 38 tu ndiyo yake. 11 ilitokana na makosa ya wadakaji. Ukikosea safu ukachukua 49, ERA inaruka kutoka 1.12 hadi 1.45. Safu zangu zilikuwa sawa, jibu likatoka 1.12.

Kumbe Gibson ndiye aliyenificha kosa. Iningi zake huandikwa 304.2, na nukta hiyo si ya desimali: 2 ni auti mbili kati ya tatu. Kwa mtu aliyerusha iningi nyingi hivyo, hata ukigawa kwa 304.2 kama ilivyo bado unapata 1.12. Balaa liko kwa warushaji wa akiba wanaoingia kuzima moto. Mmoja akirusha 0.2 mara tatu, hizo ni iningi 2 kamili. Excel yangu ilisoma 0.6. Iningi zikipungua, ERA inapanda.

Na aibu yenyewe, nilishawahi kuandika matokeo ya kriketi Nairobi, ambako ova 4.3 ni ova nne na mipira mitatu kati ya sita. Nukta ni ile ile, nami nikaipita.

Nikafuta safu ya iningi, nikaweka auti. Zidisha namba iliyo kabla ya nukta kwa 3, ongeza iliyo baada yake: Gibson, 914. Kisha mikimbio yake 38 mara 27 (iningi tisa zina auti 27), gawa kwa auti: 1026 kwa 914, yaani 1.12. Ya timu hupatikana kwa jumla ya mikimbio na jumla ya auti za wote. Usichukue wastani wa ERA za warushaji, kwani aliyerusha iningi tatu atalingana na Gibson.

Ikatoka 2.49.

Ilibaki safu ya sevu, anayoandikiwa mrushaji wa akiba anayemalizia mechi na kulinda ushindi. Joe Hoerner, mrushaji wa akiba, huandikiwa 17, lakini sevu ilianza kuwa takwimu rasmi 1969, kwa hiyo zake zilihesabiwa baadaye. Nikaziweka kwa rangi ya kijivu, nikazima kompyuta.