Sanduku lenu lipo salama, mwanangu

Vikundi sita vya kwanza vya kuweka na kukopa nilivifundisha mwenyewe, wiki kwa wiki, mimi na pikipiki na vumbi la Singida. Mtindo wenyewe si wetu. Shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991, na wanawake wa Maradi, ukaenea mpaka huku. Vikundi vyangu vilipovunja sanduku na kugawana akiba mwaka wa kwanza, wakubwa ofisini wakachangamka: sasa twende vijiji 30.

Tukanunua masanduku ya chuma ya kutunzia pesa za vikundi, kila moja na kufuli tatu, tukapakia kwenye pikapu na kugawa bure. Mafunzo siku moja kila kijiji, basi. Baada ya miezi minne nikapita kwa mama mmoja mtunza sanduku. Nikamwamkia, nikauliza habari za kikundi.

"Sanduku lenu lipo salama, mwanangu," akaniambia, akanifungulia. Ndani mbegu za alizeti. Funguo zote tatu alizifunga kwenye pindo la khanga yake.

Mbegu sikuzijali. Hilo "lenu" ndilo lililoninyima usingizi.

Tukasimamisha ugawaji (bosi alinuna, maana mfadhili alikwishaahidiwa idadi). Nikarudi kwenye vile sita, safari hii nikae nyuma nitazame tu. Kilichokuwa kinavishikilia ni vitu vichache: funguo kwa watu watatu wa nyumba tofauti, pesa kuhesabiwa kwa sauti mbele ya wote, na kuvunja kila mwaka. Hivyo vitatu tukasema haviguswi. Bei ya hisa, siku ya kukutana, faini ya mchelewaji, wapange wenyewe. Wengi walichagua kuvunja Novemba, kabla ya mvua, wapate ya kulimia.

Sanduku nalo wakachangishana, wakaagiza kwa fundi wa kuchomelea. Mkufunzi akawa mwanakikundi wa zamani anayejua daftari, analipwa kidogo na kikundi kipya kila kikao. Mwanzoni mambo yalidorora. Kuna robo mwaka niliyoandika ripoti bila kikundi kipya hata kimoja.

Mwaka uliofuata nilisimama mnadani kununua maji, nikaona akina mama chini ya mti wamezunguka sanduku la kijani. Sikuwajua hata mmoja. Nikasogea. Katibu akainua uso kutoka kwenye daftari:

"Kaka, samahani, wageni hukaa kule. Tunahesabu."

Nikaenda kukaa kule.