Nilivyofunga paa Uyole nikiikumbuka Beira

Kila ikifika katikati ya Machi narudi kwenye picha za Beira. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Machi 2019, Kimbunga Idai kiliingia nchi kavu karibu na mji huo wa pwani ya Msumbiji, upepo ukivuma kwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Picha ninazozitazama sana ni zile zilizopigwa kutoka angani siku zilizofuata: kuta zimesimama, vyumba viko wazi kama maboksi, mabati hayapo. Fundi wa kuezeka akiziona anajua kilichotokea. Ukuta ulistahimili, ila paa halikuwa limefungwa kwenye ukuta.

Paa ninaloeleza hapa ni la nyumba ya tofali za kuchoma iliyokwisha kuhamiwa, Uyole, Mbeya. Ni mita 8 kwa 10, bati geji 28, mbao za paini kutoka Mafinga. Mama mwenye nyumba aliuliza, "Fundi, kwani huku bahari iko wapi?" Swali zuri, na jibu lake ni hesabu.

Upepo haulikandamizi paa la bati, unalifyonza. Upepo ukipanda mgongo wa paa unaongeza kasi, mgandamizo wa hewa juu ya bati unapungua, na hewa iliyo ndani ya nyumba inalisukuma bati kutoka chini. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu hiyo inaongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 80 kwa saa unavuta takribani kilo 30 kwa kila mita ya mraba. Wa kilomita 120 unavuta kilo 70 hivi. Wa 160 unapita kilo 120. Paa hili lina mita za mraba 80: mabati yake ni kama kilo 300, mbao hazifiki tani moja. Kilo 30 mara 80 ni kilo 2,400. Kwa hiyo upepo wa kilomita 80 tu, bila bahari yoyote, unaweza kulinyanyua paa lililokaa kwa uzito wake na misumari michache. Kwenye pembe, kingo na mgongoni mfyonzo ni mkali kuliko katikati, ndiyo maana kung'oka huanzia pembeni.

Sasa fuata njia ya nguvu hiyo: bati linavuta papi (mbao za kupigilia bati), papi inavuta kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), kenchi inavuta wolpleti (ubao unaolala juu ya ukuta), wolpleti inavuta ukuta. Kiungo kimoja kikilegea, vingine havisaidii kitu.

Nilianzia chini, kwenye ukuta, kwa sababu huko ndiko nyumba nyingi za kwetu zinakokosa kabisa. Unapojenga upya kazi ni nyepesi: nondo ya milimita 8 unaikunja kama herufi U, unaipitisha chini ya nondo za mkanda wa zege wa juu kabla ya kumwaga, unaacha sentimita 40 zichomoze kila mahali kenchi itakapokaa. Hapa mkanda haukuwepo, wolpleti ililazwa juu ya tofali tu. Kenchi zilikuwa tisa, mita 1.25 kutoka moja hadi nyingine, kwa hiyo kila mguu wa kenchi unabeba mita za mraba 5. Kwa upepo wa kilomita 120 hiyo ni kilo 350. Toa uzito wa paa lenyewe, zinabaki kama kilo 280 za kuzuiwa na ukuta.

Mafundi wengi hukosea hapa. Hutoboa kozi (safu za tofali) mbili chini ya wolpleti, wakafunga waya, wakashuka. Waya haukatiki, upepo ukija unaondoka na paa pamoja na hizo kozi mbili. Ukuta wa tofali wenye unene wa sentimita 15, kipande cha urefu wa mita 1.25, una uzito wa kilo 190 ukishika kina cha sentimita 60, na kama kilo 320 ukishika mita nzima. Nilishuka mita nzima. Nilitoboa kwa tindo na nyundo ndogo, polepole, kwenye ungio la kozi na si katikati ya tofali.

Waya ni wa milimita 4 uliopakwa zinki, nyuzi mbili. Waya mwembamba wa kufungia nondo usiutumie, unaliwa na kutu upesi. Kila kifungo kilikula mita 6. Vifungo 18 ni mita 108, karibu kilo 11. Chini, nje na ndani ya ukuta, waya unashika kipande cha nondo ya milimita 12 chenye urefu wa sentimita 40 kilicholala kwenye ungio. Bila kipande hicho waya unakata udongo kama uzi unavyokata ugali, kwani kuta nyingi za Mbeya zimejengwa kwa tope na saruji ikapakwa nje tu. Waya unapanda pande zote mbili, unapita juu ya wolpleti na juu ya mguu wa kenchi, kisha unasokotwa kwa kipande cha nondo mpaka ukiugonga kwa kidole ulie. Ukilia acha. Ukiendelea kusokota zinki inapasuka, na kutu inaanzia kwenye huo mpasuko. Mifereji niliyotoboa ukutani niliiziba kwa saruji na mchanga, moja kwa nne.

Papi kwenye kenchi: msumari wa inchi nne uliopigwa kutoka juu kwenda chini unavutwa uelekeo uleule ulioingilia, na paini huuachia kirahisi, hasa mbao ikipigiliwa mbichi halafu ikakauka. Nilikata mikanda ya chuma chembamba, upana wa sentimita 3, ikapita juu ya papi na kushuka ubavuni mwa kenchi, misumari mitatu kila upande. Msumari wa ubavuni upepo hauwezi kuuchomoa kwa kuvuta juu.

Mabati yenyewe nilipigilia juu ya wimbi, si bondeni: kila wimbi la pili kwenye kingo na kwenye kofia (bati la mgongoni), kila la tatu katikati. Msumari uliolegea ni hatari. Bati linapiga ngoma, tundu linapanuka, na siku moja linachanika kuzunguka kichwa cha msumari huku msumari umebaki kwenye mbao.

Mbao za mshazari kati ya kenchi niliongeza nne, ili kenchi zisilale moja juu ya nyingine. Varanda nililitenga: papi zake zilikuwa zimeungana na za nyumba, nikazikata na kulitengenezea fremu yake. Varanda ndilo linalokamata upepo kwanza. Likiondoka, liondoke peke yake.

Vifungo viko pande zote mbili za nyumba, na hili nimejifunza kwa vimbunga. Jicho la kimbunga likipita kunatulia, watu wanatoka nje, kisha upepo unarudi kwa nguvu kutoka upande wa pili. Paa lililofungwa upande mmoja linafunuliwa kama kifuniko.

Beira haikuumizwa na upepo peke yake. Mito Buzi na Pungwe ilifurika mashamba mapana nyuma ya mji, mahindi yakikaribia kuvunwa, na watu wakakaa juu ya mapaa na miti wakisubiri kuokolewa. Msumbiji pekee ilipoteza zaidi ya watu 600, nyumba zaidi ya 200,000 ziliharibiwa, kisha kipindupindu kikawapata zaidi ya watu 6,000. Kila nikishuka Kyela, kule mito Kiwira na Songwe inakoingia Ziwa Nyasa, nawaza hao waliokuwa juu ya mapaa. Kwenye nyumba ya bonde ninaongeza mlango wa dari wa sentimita 60 kwa 60, na papi za karibu na mgongo naziweka kila sentimita 60 badala ya 90, ziweze kubeba watu.

Na pwani yetu isijione iko mbali. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Wiki sita baada ya Idai, tarehe 25 Aprili 2019, Kenneth kiliingia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma kutoka Mtwara. Tarehe 4 Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia. Kwa ndugu aliye Mtwara au Lindi vipimo ni hivi hivi, ila chumvi ya bahari inakula zinki mapema: waya upakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufungwa, na sehemu iliyo darini ikaguliwe kila mwaka.

Hapa Uyole ukaguzi ni Oktoba, kabla ya mvua. Napanda darini na tochi, nagonga waya mmoja mmoja. Usiolia nausokota nusu mzunguko, wenye vumbi jekundu naubadilisha. Mwaka wa kwanza vifungo vilivyolegea vilikuwa vitatu, vyote upande wa jua la jioni, ambako mbao zilikauka zaidi.