Siku tano Pemba, msimu wa karafuu

Nguo za watoto nimezifua mara mbili tangu turudi, na bado ukifungua kabati harufu ya karafuu ndiyo inayokupokea kwanza. Tulikaa Pemba siku tano, mimi na wanangu watatu, nyumbani kwa mjomba wangu karibu na Konde, na kwa kuwa ninajijua nilivyo msahaulifu, nimeona niandike haya kabla harufu haijatoka.

Chanzo cha safari kilikuwa picha. Mdogo wangu anaishi Perth, Australia, na mwezi wa Septemba alitutumia picha za matembezi yao ya Margaret River, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kuelekea kusini, katika nchi ya mashamba ya mizabibu iliyopakana na bahari. Watu wengi huenda huko kuonja mvinyo, jambo ambalo halimhusu yeye wala mumewe, lakini alinieleza kwamba mwenye watoto hakosi la kufanya: kuna mapango ya chokaa ya kuteremkia kwa ngazi, kuna gati la mbao la Busselton lililoingia baharini zaidi ya kilomita moja na nusu, likiwa na treni yake ndogo juu yake, na kuna mnara wa taa wa Cape Leeuwin, kwenye ncha ambayo Waaustralia husema ndipo Bahari ya Hindi inapokutana na Bahari ya Kusini. Kifungua mimba wangu, mwenye miaka 13, alizitazama picha zile mpaka ya mwisho, kisha akauliza kwa nini sisi kila likizo tunabaki Mjini, Unguja, tukizunguka Forodhani. Nilimjibu kwa ukali kuliko alivyostahili, kwamba sisi hatuna zabibu lakini tuna karafuu, na kwamba mnara wa taa uko Kigomasha, kaskazini mwa Pemba, tena juu ya bahari hiyo hiyo ya Hindi. Jibu likageuka ahadi, na ahadi kwa mtoto ni deni linalodaiwa kila siku wakati wa chai.

Kusema kweli, mwenyewe sikuwa na hamu. Mimi nimezaliwa huko, na karafuu kwangu haikuwahi kuwa matembezi. Msimu ukiwa mzuri skuli zilikuwa zikifungwa ili watoto wakachume, nasi tulitoka alfajiri na mapakacha yetu na kurudi jioni shingo zimevimba kwa kuumwa na majimoto, wale siafu wekundu wanaoshona majani ya mkarafuu kwa nyumba zao. Nilipopata kazi Unguja, jambo la kwanza nililolifurahia ni kwamba sitaparamia mti tena. Sasa nilikuwa nalipa nauli za watu wanne ili wanangu wakachezee kitu nilichokikimbia. Mjomba nilipompigia simu kumwambia kwamba tunakuja Disemba kutembea, alicheka hadi akakohoa.

"Kutembea? Msimu huu hapatembewi, mwanangu. Panachumwa."

Safari ya meli ya usiku haina la kusimulia, kwa sababu wote walilala isipokuwa mimi. Kutoka Mkoani mpaka Konde unakikata kisiwa karibu chote kwa urefu wake, na aliyezoea Unguja tambarare hushangaa jinsi Pemba ilivyo vilima na mabonde yasiyokwisha. Kitinda mimba, mwenye miaka sita, alitapika mara mbili kabla hatujafika Chake Chake. Anayekwenda na watoto wadogo na amkalishe mtoto dirishani na achukue tangawizi ya kutafuna. Mimi niliikumbuka tangawizi tulipokwisha fika. Baada ya Chake alitulia, akaanza kuhesabu majamvi ya karafuu zilizoanikwa mbele ya nyumba, na alipofika sabini akalala.

Shamba la mjomba ni eka tatu, alizopewa marehemu babu yetu katika ugawaji wa ardhi uliofuata Mapinduzi ya 1964. Asubuhi ya kwanza mjomba aliwakalisha watoto chini ya mkarafuu mkubwa kuliko yote na kuanza, kama anavyoanza siku zote, na tufani ya 1872. Tufani hiyo iliing'oa mikarafuu ya Unguja kwa wingi na kuiacha ya Pemba kwa sehemu kubwa imesimama, na tangu hapo, kwa maneno yake, watu wa Mjini hula jina na watu wa Pemba hufanya kazi. Wanangu, ambao ni watu wa Mjini, walinitazama kujua kama wameshatukanwa. Kisha akavuta tawi chini na kuwaonyesha matumba: lililo kijani kibichi liachwe, lililoanza kuingia wekundu ndilo lichumwe, na lililokwisha kufunguka na kutoa ua limepita, thamani yake imekwenda na upepo. Binti yangu wa kati alitaka kujua kama basi hatujawahi kuliacha ua lifunguke kwa ajili ya uzuri wake tu. Mjomba alifikiri muda, akasema kwamba yapo maua mengi kila mwaka, lakini ni ya miti ambayo mwenyewe hakuwahi kuifikia.

Juu ya mti hakuwaruhusu, na mimi nilimshukuru kimoyomoyo, kwani matawi ya mkarafuu yana tabia ya kukatika bila ya kutoa taarifa, na kila mtaa Pemba una mtu anayechechemea kwa sababu hiyo. Alimpa mkubwa upembo wa kuvutia matawi ya chini, na wadogo akawapa pakacha. Kwa nusu saa palikuwa na furaha tupu. Kisha majimoto wakamgundua kijana wangu, akarukaruka, simu ikamponyoka mkononi ikaingia kwenye majani, na tulitumia robo saa nzima kuitafuta huku yeye akijikuna na wachumaji walio juu ya miti wakimwelekeza vibaya makusudi. Nilicheka kuliko inavyompasa mama.

Lakini yaliyowashika hasa watoto hayakuwa ya mtini. Jioni, baada ya sala ya Magharibi, wanawake wa nyumba mbili tatu walikusanyika barazani kuchambua, yaani kutenganisha matumba na makonyo, vile vikonyo vinavyoyashika, kazi ambayo vidole hujifunza upesi na baada ya hapo mdomo unakuwa huru. Hapo ndipo hadithi zote zinapotoka. Binti yangu, ambaye nyumbani kumwambia achambue mchele ni vita, alikaa jamvini karibu saa mbili kati ya bibi wawili, akiambiwa mambo ya utotoni mwangu ambayo ningependelea yabaki huko huko, na kila aliponitazama alikuwa anajua jambo jipya. Kitinda mimba alilala juu ya lundo la makonyo, na akabebwa akiwa ananukia kama pilau.

Siku ya tatu alasiri, karafuu zikiwa majamvini uani, wingu lilitokea upande wa bahari bila ya onyo, kama yanavyofanya mawingu ya mwishoni mwa vuli. Sikumbuki nani alipiga kelele kwanza. Nyumba zote zilitoka kwa pamoja, wazee, wageni, waliokuwa wanakula, waliokuwa wamelala, kwa sababu karafuu iliyokaribia kukauka ikinyeshewa huharibika rangi, na rangi ndiyo bei. Wanangu hawakuambiwa la kufanya. Niliwaona tu, kila mmoja ameshika pembe ya jamvi, wakikimbia na kuinama pamoja na watoto wa jirani ambao majina yao hawakuyajua, na walipomaliza kwetu wakaenda kwa jirani, mvua ikawakuta huko. Katika siku zote tano sikuwaona wakiwa na furaha kama ile, na haikuwamo katika mpango wangu. Mimi mwenyewe nilijikuta nimeshika pembe ya nne kabla sijafikiri. Miaka ishirini imepita, na mwili haukusahau.

Siku ya nne tulikwenda Kigomasha. Njia inatoka Konde na kupita ndani ya Msitu wa Ngezi, na ghafla jua linakatika juu yako kama umeingia chumbani. Mtembezaji wa msitu alituonyesha mvule ambao watoto watatu hawakuweza kuukumbatia, na mpapindi, mnazi-mwitu mwembamba ambao asili yake ni kisiwa hiki tu. Alitueleza pia kwamba wapo ndege wanne ambao hawapatikani kwingine duniani, akiwamo bundi mdogo anayesikika usiku. Ndege hao hatukuwaona hata mmoja. Popo wa Pemba tuliwaona jana yake, Kidike, na hao hawakosekani: wananing'inia kwa mamia kama nguo nyeusi zilizosahauliwa kwenye kamba, wakigombana kwa sauti. Ni popo wakubwa wa kula matunda, ambao mabawa yao yakikunjuliwa hupita mita moja na nusu, na wanaishi Pemba peke yake. Walikaribia kumalizika kwa kuwindwa kwa ajili ya nyama, mpaka wanavijiji wenyewe walipoanza kuwalinda. Mjomba alikiri usiku ule kwamba zamani aliwala, na akaongeza, bila ya kuulizwa, kwamba walikuwa watamu.

Pwani ya Vumawimbi ilikuwa tupu, mchanga mweupe mpaka macho yanapoishia, na ng'ombe wawili waliolala karibu na maji kama wageni waliolipa. Hapana kibanda wala choo wala kivuli isipokuwa cha miti ya nyuma, basi tulichukua kila kitu: maji, maembe, mkate wa kumimina, na khanga mbili za kufunga hema. Kisha mnara. Kwa ruhusa ya mlinzi na malipo madogo unapanda ndani yake kwa ngazi ya chuma inayozunguka. Tulizihesabu daraja, na kila mmoja alifika juu na idadi yake. Kule juu upepo unakuziba masikio, na upande wa magharibi ni Mkondo wa Pemba, ambao kina chake hupita mita mia nane, wenye rangi ya buluu iliyokolea ambayo pwani ya Unguja hatuijui. Kijana wangu alipiga picha, akamtumia mamake mdogo Perth, akaandika chini yake: "Ni bahari yenu, upande wa pili." Alipojibu hakusema lolote juu ya mnara wala bahari. Aliuliza kama mshokishoki wa kisimani kwa mjomba bado unazaa.

Mshokishoki unazaa. Tulimpigia picha kitinda mimba akiwa chini yake, maganda mekundu yamemzunguka.

Misali hatukufika, kwa sababu mwenye mashua tuliyepatana naye hakutokea na simu yake ilikuwa imezimwa, na nilisikitika kwa kuwa nilitaka watoto waisikie mahali pake hadithi ya Nabii Khidhri kukifanya kisiwa kile msala wake wa kuswalia. Siku hiyo tuliimaliza Pujini, kwenye magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani, ambako inasimuliwa kwamba kisima kilijengewa ukuta katikati ili wake zake wawili wateke maji bila ya kuonana. Binti yangu alisema ingekuwa rahisi zaidi kuoa mmoja. Makumbusho ya ngomeni, Chake Chake, tuliyapitia kwa haraka, watoto wakiwa na njaa.

Jambo moja nisingependa mtu alikose ni kiwanda cha makonyo, Wawi, nje kidogo ya Chake. Yale makonyo tuliyoyachambua barazani hayatupwi. Hupelekwa huko yakatiwa kwenye mapipa makubwa, mvuke ukapitishwa ndani yake na kupozwa, na mafuta yakajitenga na maji. Tulipofika walikuwa wanapika mchaichai, na harufu yake ilitupokea barabarani. Mhudumu alitwambia kwamba mafuta ya karafuu, tofauti na mafuta mengi tunayoyajua, hayaelei juu ya maji bali huzama, na watoto hawakumsadiki. Tulinunua kichupa. Usiku ule, mbele ya mjomba, kijana wangu alidondosha matone kwenye gilasi ya maji. Moja likabaki juu kidogo, likajikusanya, kisha likateremka taratibu mpaka chini na kukaa pale kama shanga. Mjomba, ambaye amechuma karafuu kwa miaka sitini, alisema lidondoshwe jingine. Kichupa tulikirudisha Mjini robo kimepungua.

Asubuhi ya kuondoka mjomba alizipima karafuu walizochuma wanangu kwa kibaba, mbichi, na kuwalipa ujira ule ule anaowalipa wachumaji wake, bila ya kuwaongezea hata shilingi kwa udogo wao. Wakagombana juu ya mgawo mpaka Wete, ambako sehemu yake iligeuka halua. Niliwaacha wagombane. Fedha yangu ya kwanza maishani ilitoka kwenye kibaba hicho hicho, na mimi pia niliigombania.

Jana mjomba amepiga simu. Zile walizochuma zimekauka vizuri, zimekuwa kahawia, ukilivunja tumba linalia. Anauliza kama azipeleke kituoni kuuza pamoja na zake au atuwekee mpaka mmoja wetu avuke. Binti yangu anataka ziuzwe, kitinda mimba anataka ziletwe, na mkubwa anasema kwamba alizokuwa amechuma yeye ni nyingi zaidi, kwa hiyo aulizwe yeye peke yake. Mjomba amesema anasubiri jibu.